Sungura wa Tatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwogesha. Nilimwogesha sungura mgeni kwa sabuni ya mche, mara mbili, nikamsuuza, nikamfuta masikio kwa pembe ya taulo, nikaamini kwamba wenyeji wake hawatakuwa na sababu ya kumkataa. Nilikuwa na miaka tisa. Ndivyo mimi mwenyewe nilivyopokelewa Garissa. Siku niliyofika, kabla hata salamu hazijaisha, Mama mkubwa aliniingiza bafuni akanisugua hadi vumbi la safari likatoka, na nadhani pamoja nalo harufu ya matanga ya mama yangu. Kisha akanivisha shati safi lililonitosha kabisa, kana kwamba fundi alikuwa amenipima. Nikajua kwamba mtu hukubaliwa akiwa safi.

Shati lile lilinuka vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye nguo ili mende wasizile. Juma lililopita nilipita sokoni, muuza mitumba akafungua robota, na harufu hiyohiyo ikanikuta nikiwa sijajiandaa. Nilisimama pale hadi yule mama akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nikaja nyumbani kuandika haya. Nimeyafuta mara nne. Hii ni mara ya tano na nimejikataza kufuta.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Alikuwa karani katika ofisi ya wilaya, na mumewe, Baba mkubwa, alifundisha kilimo katika shule ya upili. Walikuwa wametoka Ukambani kabla sijazaliwa, wakakaa Garissa hadi wakazoea. Walikuwa na mtoto mmoja, Kyalo, aliyekufa kwa homa ya siku tatu mwaka mmoja kabla ya mimi kuletwa. Hayo niliyajua. Yale ambayo sikuyajua nitayaeleza.

Nyumba yetu ilikuwa katika mtaa wa Galbet. Kwenye ukuta wa jikoni, upande usiopata jua la alasiri, kulikuwa na kibanda cha sungura kilichofunikwa kwa magunia. Joto la Garissa huua sungura kama mkono unavyoua nzi, kwa hiyo magunia yalipaswa kulowanishwa mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Kazi hiyo nilipewa mimi. Niliyalowanisha mara tano na kuweka alama kwenye daftari.

Ndani ya kibanda walikaa majike mawili, dada wa uzao mmoja: Unga, mweupe, na Sukari, wa rangi ya sukari guru. Majina aliwapa Kyalo. Sijawahi kuona viumbe wawili walioshikamana namna ile. Walikula jani moja kutoka ncha mbili. Mmoja akigeuka, mwingine aligeuka. Na kila siku, saa saba mchana, wakati maduka yamefungwa na watu wote wamelala na korongo wakubwa wenye vichwa vya upara wamesimama kimya juu ya mabati, Unga na Sukari waliketi bega kwa bega wakitazama kona moja ya ua. Katika kona ile hapakuwa na kitu. Niliikagua. Nilifagia, nikachimbua kidogo kwa kijiti, nikarudi kuwatazama. Bado walitazama palepale, juu kidogo ya ardhi, pale ambapo uso wa mtoto wa kimo changu ungekuwa.

Jambo jingine lilinisumbua zaidi. Mimi sikuwa na siku tatu pale nilipowakaribia kwa mara ya kwanza, na watu walikuwa wamenionya kwamba wanauma. Hawakuniuma. Walikuja mbio hadi kwenye wavu, wakanusa mkono wa shati langu, wakaanza kuulamba.

"Wamekupenda," Baba mkubwa alisema. Kisha akaingia ndani haraka.

Sungura wa tatu aliletwa likizo ya kwanza. Mwalimu mmoja, rafiki wa Baba mkubwa, alikuwa amepata uhamisho kwenda bara na hakuweza kusafiri na mnyama. Alituachia katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu, na ndani yake sungura wa kijivu, mdogo, aliyekuwa akitetemeka. Kwa kukosa jina tulimwita Mgeni.

Baba mkubwa alimwinua akamgeuza. "Jike pia. Vizuri. Lakini hawa wawili hawana nafasi ya mtu," alisema. "Tuone. Wakikubaliana kabla shule haijafunguliwa, atakaa. Wasipokubaliana, tutamtafutia watu."

Tutamtafutia watu. Maneno hayohayo wajomba zangu waliyasema jioni baada ya kumzika mama, wakidhani nimelala. Mtoto huyu tutamtafutia watu. Nilimtazama Mgeni katika katoni yake. Sikumwambia mtu yeyote, lakini tangu dakika ile niliamini kwamba hesabu yake ni hesabu yangu. Akikubaliwa, na mimi nimekubaliwa. Akipelekwa, nitapelekwa.

Ndipo nikamwogesha. Nilipomwinua kutoka kwenye karai alikuwa amelegea kama kitambaa, macho wazi, nami nikafikiri ametulia. Sasa najua kwamba alikuwa karibu kufa kwa hofu. Nilimkausha, nikafungua mlango wa kibanda, nikamweka katikati ya wenyeji.

Wenyeji walinyoosha pua, wakamnusa. Kisha Unga akapiga mguu wa nyuma chini, mara moja, kishindo kikubwa kuliko mwili wake, na wote wawili wakamrukia. Sungura hupiga kelele mara chache sana maishani. Nilisikia siku hiyo, na ni sauti ya mtoto mchanga. Manyoya ya kijivu yaliruka hadi kwenye magunia. Baba mkubwa alikuja mbio na ufagio akawatenganisha, na Mgeni alipotolewa sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika kama jani la mgomba.

"Umemfanya nini huyu? Mbona ananuka sabuni?"

"Nilitaka awe safi."

Hakunigomba. Afadhali angenigomba.

Jirani yetu upande wa seng'enge alikuwa Habiba, mama wa makamo aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikulia Kutulo, kaskazini, katika familia ya wafugaji wa Kisomali, na Kiswahili chake alikijifunzia sokoni, kwa hiyo p zake zilitoka kama b, na v kama f, na hakujali. Alikuwa na binti wa rika langu, Fardosa, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu. Kesho yake walinikuta nimechuchumaa kando ya katoni, nikimpaka Mgeni chumvi na maji kwenye sikio.

"Warya, kijana!" Habiba aliita. "Sungura yako nabigana?"

"Wanamkataa, mama Fardosa."

"Umeosha yeye," Fardosa alisema, akicheka. "Nilikuona. Umeosha sungura kama sufuria, wallahi."

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia, kisha akanigeukia. "Sikia. Mnyama hajui sura. Mnyama najua harufu, kwa bua." Aligusa pua yake. "Sisi, ndama ya ngamia ikikufa, mama yake nakataa kutoa maziwa. Nalia, natafuta. Sasa kuna ndama ingine, hana mama. Ukileta hifi hifi, atabiga teke, ataua. Basi tunachuna ile imekufa. Ngozi yake tunafalisha hii iko hai. Mama nakuja, nanusa, nanusa... nasema, haye, mtoto yangu amerudi. Maziwa nashuka."

"Anadhani ni mtoto wake?"

"Anadhani nini? Yeye nanusa tu."

Fardosa alikuwa ameegemea nguzo ya seng'enge, akinitazama kuanzia juu hadi chini. "Si ni kama wewe tu," alisema.

"Kama mimi nini?"

"Hiyo shati. Si ni ya Kyalo? Na hiyo kaptura. Alikuwa anavaa akicheza hapa kwetu. We hujui?"

"Fardosa!" Habiba alimpiga kikofi cha mgongo, akamvuta ndani. "Bole, kijana. Huyu mdomo yake haina mlango."

Nilibaki pale. Nitasema wazi: hadi siku ile niliamini nguo zile zilinunuliwa kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeshangaa jinsi watu walivyonipenda hata kabla ya kuniona, hadi wakajua kimo changu. Sasa nilinusa mkono wa shati nikaelewa kwa nini Sukari aliulamba. Nikaelewa kwa nini Mama mkubwa, akinipakulia chakula, mara nyingine aliniita, "Kya..." kisha akakohoa. Nilikuwa ndama aliyevishwa ngozi.

Mtu mzima angeumia. Mimi sikuumia, na hilo ndilo linalonitisha ninapolikumbuka. Niliogopa kwamba ngozi yenyewe haitoshi. Nguo zangu zote zilikuwa zimefuliwa, na harufu ya Kyalo iliyobaki ilikuwa ikififia. Harufu yangu ilikuwa ikipenya kila siku, na siku moja Mama mkubwa angeninusa akikunja fulana akagundua. Nikaanza kujifunza kuwa Kyalo. Niliitazama picha yake ya sebuleni nikainamisha kichwa upande kama yeye. Nilianza kuketi kwenye ile kona ya ua saa saba mchana, jua likinichoma utosi, na Unga na Sukari walinitazama bila kupepesa, na korongo mmoja juu ya bati akagonga mdomo wake, ko ko ko, kisha akanyamaza. Siku ya pili au ya tatu sikuwa na hakika kama nilikuwa nikijifanya.

Zilibaki siku sita shule ifunguliwe. Mgeni alikaa katika katoni, akila kidogo. Niliwaweka pamoja mara mbili zaidi, na mara zote mbili nikamtoa akivuja damu. Nilikuwa na daftari limejaa michoro na saa na nyakati, na hakuna kilichofanya kazi. Ndipo nikakumbuka sanduku.

Chini ya kitanda cha Mama mkubwa kulikuwa na sanduku la bati. Nguo zangu zilitoka humo, moja moja, kadiri nilivyozihitaji. Mchana mmoja, watu wazima wakiwa wamelala kwenye mkeka wa sebuleni ambako kulikuwa na feni, niliingia kwa magoti nikalivuta. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri, vile vidonge vyeupe vikiwa katikati. Chini kabisa palikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Ndani mlikuwa na shati la buluu la shule ya msingi, halikufuliwa. Kwenye kola kulikuwa na mstari wa uchafu. Nililinusa. Lilinuka jasho la mtoto na kitu kingine kichungu, labda dawa.

Niliwaza: hii ndiyo ngozi yenyewe.

Sikuwaza kuivaa. Nataka niaminiwe hapo. Nilimtoa Mgeni katika katoni, nikamviringisha ndani ya shati hadi pua tu ikabaki nje, nikaingiza miguu yake ya mbele kwenye mikono ya shati kwa sababu nilitaka jambo lifanywe sawasawa. Nikafungua kibanda. Nikamlaza.

Unga alikuja kwanza. Alinusa kola. Aliinusa kwa muda mrefu sana, masharubu yakitetemeka, kisha akajinyoosha kando ya shati akalala. Sukari akaja upande wa pili naye akalala. Hawakumgusa. Walikaa hivyo watatu, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue hawakutazama ile kona. Mji wote ulikuwa kimya. Hata feni ya sebuleni sikuisikia, maana stima ilikuwa imepotea, na nadhani hilo ndilo lililomwamsha Mama mkubwa.

Sikumsikia akija. Nilisikia tu pumzi nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, leso mabegani, akitazama kibanda. Kutoka pale aliona shati la buluu limelala kati ya sungura wa mwanawe. Na alipokuwa akilitazama, mkono wa shati ukainuka.

"Kyalo?"

Aliita kwa sauti ya kawaida. Sauti ya kumwita mtoto aje ale.

Nami nikaitika. "Naam, mama."

Sijui ni nani aliyenisukuma. Nilikuwa nimejizoeza siku nyingi na jibu lilikuwa mdomoni. Mama mkubwa alinigeukia, na alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta chumba asichokijua. Aliketi palepale kwenye kizingiti.

Kisha Mgeni akahangaika, shati likamtoka kichwani, na Unga akamng'ata. Kelele ile ya mtoto mchanga ikapasua mchana. Baba mkubwa akatokea, akaingiza mikono, akamtoa Mgeni, akatoa shati. Lilikuwa limelowa mkojo wa sungura kutoka kola hadi pindo.

Mama mkubwa alinyoosha mkono akalichukua. Alilileta usoni. Alilinusa hapa, akalinusa pale, akaligeuza ndani nje akatafuta chini ya kwapa, kwenye mfuko, na mimi nikimtazama nilielewa, polepole, kile nilichokuwa nimekifanya. Harufu ya mwanawe haikuwepo tena. Alikuwa ameitunza kwa mafundo matatu nami nilikuwa nimeimaliza.

"Nisamehe," nilisema. "Nilitaka nikae."

Aliliweka shati mapajani. "Njoo hapa." Nilikwenda. Alinishika kidevu. "Usiitike jina ambalo si lako. Umesikia? Hata mimi nikikuita. Hata nikikosea, usiitike."

Hakunipiga. Alasiri ile alilifua shati kwa mkono, akalianika kwenye kamba. Habiba alikuja kwenye seng'enge, akaliona, akamwona Mama mkubwa akilitazama, na kwa mara hiyo moja hakutania. Alimsalimu. Niliwasikia nikiwa nyuma ya tangi la maji.

"Nilimwambia kijana mambo ya ngamia," Habiba alisema. "Makosa ni yangu. Sikumaliza."

"Hukumaliza nini?"

"Ngozi nafaliwa siku kidogo tu. Ndama ikishanyonya, tunatoa, tunatuba. Ikibaki, naoza, na ndama nagonjwa."

Jioni ile Mama mkubwa alifungua sanduku akatenga nguo za Kyalo. Siku ya soko alinipeleka akaninunulia shati jipya la shule. Lilikuwa kubwa, la kukulia, mikono ikafika kwenye vidole. Lilinikaa vibaya na nililipenda vibaya vilevile. Siku niliyolivaa, nilikwenda kwenye kibanda. Sukari alinusa mkono wa shati, akapiga mguu chini, akanipa mgongo.

Baba mkubwa naye alichukua koleo na waya, akagawa kibanda kwa wavu, Mgeni huku, dada wawili kule. Alinionyesha kubadilisha magunia ya kulalia kila asubuhi, la huku liende kule, la kule lije huku, wazoeane harufu, na kuwawekea majani pande zote mbili za wavu ili wale pua kwa pua. "Hakuna ujanja hapa," aliniambia. "Ni siku tu."

Lakini siku ziliisha. Usiku wa kuamkia shule kufunguliwa, Unga bado alikuwa akiuma wavu kila Mgeni aliposogea. Asubuhi nilivaa shati langu kubwa, nikatia vitu vyangu kwenye begi nililokuja nalo, nikamweka Mgeni kwenye katoni, nikasimama nayo mlangoni.

Baba mkubwa alikuwa akinyoa ndevu kwenye kioo cha ukutani. "Unaenda wapi na sungura shuleni?"

"Hawajakubaliana," nilisema. "Shule imefunguliwa."

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tutafutiwe watu."

Aliugeuza uso wenye povu upande mmoja. Aliitazama katoni, akalitazama begi, na nikaona jambo likimfikia kama maji yanavyofika mwisho wa mfereji. Aliweka wembe chini. Mama mkubwa alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Watu gani tena?" alisema. "Rudisha huyo mnyama kivulini kabla hajafa na joto. Na uji unapoa."

Nilimrudisha. Nilikunywa uji wote.

Ilichukua muda mrefu zaidi kuliko Baba mkubwa alivyosema. Wavu ulitolewa, ukarudishwa, ukatolewa tena. Halafu mchana mmoja, baada ya masika, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Sukari amemlaza Mgeni kidevu chini, akililamba lile sikio lililochanika, taratibu, kama mtu anayesoma. Unga alikuwa kando akila. Sikuandika kwenye daftari. Sikutaka kuligusa jambo lile.

Leo nina miaka ishirini na sita. Nafuga sungura, na ninayoyajua nimejifunza kwa kukosea na kwa kutazama video za watu kwenye simu hadi betri iishe. Bado ni mtu wa kukagua kufuli mara tatu. Nilipotaka kuandika haya nilimpigia Mama mkubwa kumwomba ruhusa. Alisema niandike, ila nisimfanye Kyalo malaika, maana alikuwa mtundu, alimwaga maharagwe nyuma ya kibanda na kusema ameshiba. Zamani jina lake lilikuwa halitajwi mezani mwetu. Siku hizi linatajwa.